Jinsi ya kupima usahihi wa spidomita na odomita ya gari, na kurekebisha panapohitajika

Spidomita, hata ya gari lisilo na hitilafu yoyote, kwa kawaida hutia chumvi. Mshale ukisema 100, mara nyingi gari lenyewe liko kwenye 93 hadi 97, na kiwanda kimepanga hivyo. Odomita, ile mita inayojumlisha kilomita, haitiwi chumvi hiyo. Makosa yake yana chanzo kingine na kwa kawaida ni madogo zaidi. Kwa hiyo hesabu ya kijiweni kwamba “spidi imezidi asilimia tano, basi na kilomita zimezidi asilimia tano” haisimami. Kila mita inapimwa kivyake.

Chumvi inatoka wapi

Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu spidomita, ambayo Ulaya, Japani na nchi nyingine nyingi huifuata, inakataza jambo moja: mita kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule gari linaokwenda. Upande wa kuzidisha imelegeza sana. Mita inaruhusiwa kuzidi kwa sehemu ya kumi ya mwendo halisi, na juu yake kilomita 4 kwa saa. Gari linalokwenda 50 halisi linaweza kuonyesha hadi 59. La 80, hadi 92. La 100, hadi 114. Mtengenezaji anajua gari lilelile litafungwa tairi jipya mwaka huu na mwaka kesho litatembea na kipara. Akilenga sifuri, kosa dogo tu la upande wa chini linamvunjia kanuni. Basi analenga juu kidogo, analala usingizi.

Magari mengi yanayoshuka bandari za Dar es Salaam na Mombasa yametumika Japani, na huko yalipitia ukaguzi uitwao shaken. Gari hupandishwa juu ya roli, mshale unapelekwa hadi 40, na mwendo halisi wa roli unatakiwa uwe kati ya 30.9 na 42.5 kwa magari ya kuanzia 2007. Ukaguzi huo unavumilia hata mita inayopunguza kidogo, kwa hiyo usichukulie kwamba ya kwako lazima inazidisha. Pima.

Magari ya zamani yenye kebo yana tatizo lao la ziada. Ndani ya mita kuna sumaku inayozungushwa na kebo kutoka gia boksi. Sumaku hiyo imezungukwa na kikombe chepesi cha alumini kinachozuiwa na springi nyembamba sana. Sumaku na kikombe havigusani. Sumaku inapozunguka inazalisha mkondo wa umeme ndani ya alumini, na mkondo huo ndio unaokivuta kikombe pamoja na mshale. Mjerumani Otto Schulze aliandikisha hataza ya muundo huu mwaka 1902, na magari yaliendelea kuutumia kwa miongo mingi. Springi ikilegea kwa umri, mshale unapanda kupita kiasi. Sumaku ikififia, unashuka. Odomita ya gari hilohilo hayo hayaihusu. Inaendeshwa na gia ndogo kutoka kebo ileile, jino kwa jino, kwa hiyo mshale unaweza kudanganya sana huku kilomita zikihesabiwa sawasawa.

Kebo za magari ya Kijapani zilipangwa zizunguke mara 637 kwa kila kilomita. Ilipokuja sensa ya umeme mahali pa kebo, magari mengi yalibaki na namba hiyo, kila mzunguko ukitoa mipigo minne ya umeme: 2,548 kwa kilomita. Magari ya sasa huchukua taarifa kutoka sensa za ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga) kwenye magurudumu. Kwa vyovyote, kompyuta ya dashibodi ina kazi mbili. Inahesabu mipigo kwa ajili ya odomita, kisha inakokotoa mwendo, inaongeza chumvi, na kuusukuma mshale. Chumvi inaingia hapo mwisho, upande wa mshale tu.

Tairi

Gari linajua gurudumu limezunguka mara ngapi. Umbali linaukokotoa kwa kudhani kila mzunguko una urefu fulani, na urefu huo ni wa tairi la kiwandani. Ukibadilisha saizi ya tairi, umeziharibu mita zote mbili kwa pamoja na kwa kiasi kilekile.

Hesabu ya kipenyo ni rahisi. Chukua 195/65R15. Ukuta wa tairi ni asilimia 65 ya upana, yaani 195 × 0.65 = 126.75 mm. Kuta ziko mbili, juu na chini: 253.5 mm. Rimu ya inchi 15 ni 15 × 25.4 = 381 mm. Jumla 634.5 mm. Kupata urefu wa mzunguko mmoja barabarani, zidisha kwa 3.05, si 3.14, kwa sababu tairi hubonyea kidogo chini ya uzito wa gari. Inakuja milimita 1,935, au mizunguko 517 kwa kilomita.

Sasa linganisha saizi zinazobadilishwa mara nyingi:

- 165/70R14 (586.6 mm) kwenda 175/70R14 (600.6 mm): imeongezeka asilimia 2.4.
- 195/65R15 (634.5 mm) kwenda 205/55R16 (631.9 mm): imepungua asilimia 0.4, hutaona tofauti.
- 265/70R16 (777.4 mm) kwenda 285/75R16 (833.9 mm): imeongezeka asilimia 7.3.

Huo mstari wa mwisho ndio unaowaponza wenye magari makubwa ya porini. Tuseme mwanzoni mshale ukisema 100 gari lilikuwa 95. Baada ya kufunga 285/75, mshale ukisema 100 gari liko karibu 102. Chumvi yote imeliwa na tairi. Ukipigwa tochi mahali pa kikomo cha 50 huku mshale umetulia kwenye 50 hasa, askari hana kosa.

Odomita nayo sasa inahesabu pungufu, na hapo linazaliwa lawama ambalo mafundi wanalijua: “tangu nifunge matairi makubwa gari linabwia mafuta.” Ukijaza lita 60 baada ya mita kusoma kilomita 500, unapata kilomita 8.3 kwa lita. Lakini gari limetembea kilomita 536, yaani 8.9 kwa lita. Ni kweli tairi zito lenye meno makubwa linaongeza ulaji, ila sehemu ya ongezeko hilo iko kwenye mita tu. Sahihisha kilomita kwanza ndipo umlaumu fundi wa pampu.

Kuisha kwa tairi pia kuna mchango. Tairi jipya la gari dogo lina kina cha meno cha karibu 8 mm. Likifika 1.6 mm, kipenyo kimepungua 12.8 mm, na kwa 195/65R15 hiyo ni asilimia 2. Kwa hiyo kipimo ulichofanya na matairi yaliyoisha hakifanani na utakachopata wiki unayofunga mapya, na hakuna kilichoharibika. Upepo una athari ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mkanda wa chuma ndani ya tairi la radial, aina ya kawaida siku hizi, hauruhusu mzunguko kufupika sana, hivyo upungufu wa psi chache hauleti hata asilimia moja. Ni tofauti ndogo, lakini inapimika: baadhi ya magari hugundua tairi lililopungua upepo kwa kulinganisha mizunguko ya magurudumu manne tu, bila sensa yoyote ndani ya tairi.

Kupima spidomita kwa simu

Unahitaji simu yenye GPS, programu ya kuonyesha mwendo (chagua inayoonyesha desimali), abiria mmoja wa kusoma na kuandika, na kipande cha barabara kilichonyooka na tambarare. Kati ya Mtito Andei na Voi, kwenye barabara ya Nairobi–Mombasa, kwa mfano, vipo vipande virefu vya namna hiyo, ila malori ni mengi; nenda asubuhi mapema. Dereva asishike simu.

1. Jaza upepo matairi yakiwa ya baridi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Usitumie namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi. Ile ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe.
2. Endesha kilomita 10 hadi 15 ili matairi yapate joto lake la kazi.
3. Weka simu kwenye dashibodi chini ya kioo cha mbele, mahali inapoona anga. Subiri programu ipate setilaiti za kutosha. Mara nyingi itaonyesha kosa la mita chache.
4. Shikilia mshale juu ya 40 kwa sekunde 15. Dereva akisema “sasa”, abiria aandike mwendo wa GPS. Rudia kwa 60, 80, na 100 pale sheria inaporuhusu.
5. Geuza, rudi njia ileile, upime tena. Chukua wastani.

Mshale asome dereva. Upo mbele kidogo ya namba zake, kwa hiyo anayeutazama kutoka kiti cha pembeni anauona umehama.

GPS inapima mwendo kwa kusoma mabadiliko ya masafa ya mawimbi ya setilaiti, na chini ya anga wazi, kwa mwendo usiobadilika, kosa lake ni sehemu ndogo ya kilomita moja kwa saa. Udhaifu wake ni kuchelewa: ukikanyaga mafuta, inakufuata baada ya sekunde moja au mbili. Ndiyo maana ya zile sekunde 15. Katikati ya maghorofa au chini ya miti minene usiiamini.

Tuseme umepata hivi:

mshale 40, GPS 37
mshale 60, GPS 56
mshale 80, GPS 75
mshale 100, GPS 94

Tofauti ni 3, 4, 5, 6. Inakua, lakini haianzii sifuri. Kila ukipanda 20 kwenye mshale, gari linapanda 19 halisi, kwa hiyo kuna asilimia 5 ya uwiano na juu yake kilomita 1 isiyobadilika. Huo ni mchanganyiko wa kawaida wa kiwandani, na uko ndani ya kanuni kwa nafasi. Mita hii haihitaji fundi.

Tofauti ikiwa ileile kila mahali, mfano 8 kwenye 40 na 8 kwenye 100, mshukiwa ni mshale wenyewe: uliwahi kuchomolewa na kurudishwa vibaya, pengine siku dashibodi ilipofunguliwa kubadili taa. Tofauti ikikua kwa uwiano safi kutoka sifuri, tafuta kwenye matairi, gia ya kebo, au difu iliyobadilishwa. Na GPS ikisoma zaidi ya mshale hata kwa kilomita 2, acha kulitumia gari kwa kuamini mita mpaka ujue sababu.

Huna simu ya kufaa? Nguzo za kilomita na saa ya kupimia zinatosha. Shikilia mshale 80 kutoka nguzo hadi nguzo, kisha gawanya 3,600 kwa sekunde ulizopata. Sekunde 48 ni kilomita 75 kwa saa. Kidole kikichelewa nusu sekunde kwenye kilomita moja, umekosea asilimia moja; kwa hiyo pima kilomita tano mfululizo, na kosa hilohilo linashuka hadi asilimia 0.2.

Kipimo cha tatu: OBD

Hiki ndicho kipimo chenye manufaa kuliko vyote, na watu wachache wanakifanya. Magari mengi yaliyotengenezwa baada ya 2000 yana soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari, chini ya usukani. Kifaa kidogo cha Bluetooth kinachomekwa hapo kitakuonyesha mwendo ambao kompyuta ya injini inaujua, na kwenye magari mengi namba hiyo haina chumvi ya dashibodi. Sasa una namba tatu za kulinganisha kwa wakati mmoja.

Mshale uko juu, OBD na GPS zinafanana: ni chumvi tupu, iache. OBD iko chini ya GPS: matairi ni makubwa kuliko gari linavyodhani, na odomita inahesabu pungufu. OBD iko juu ya GPS: matairi ni madogo au yameisha, na odomita inahesabu zaidi. Kwa kuwa OBD hutoa namba nzima tu bila desimali, fanya kipimo hiki kwenye mwendo wa juu unaoruhusiwa. Kwenye 40, tofauti ya asilimia 2 haionekani kabisa.

Kupima odomita

Mita ya safari, ile unayoweza kuirudisha sifuri, inatumia hesabu ileile ya odomita kuu na ina desimali moja. Maana yake kwenye kilomita 10 huwezi kupima kwa usahihi zaidi ya asilimia moja. Nenda kilomita 20 angalau. 50 ni bora.

Simama sambamba na nguzo ya kilomita, rudisha sifuri, kisha endesha bila kukata kona wala kuingia kituo cha mafuta. Kwenye nguzo ya ishirini, soma. Ikisema 19.6, gari limetembea asilimia 2 zaidi ya inavyokiri. Zidisha kilomita zake kwa 1.02 kupata halisi. Nguzo zenyewe si msahafu. Barabara ikichepushwa au kunyooshwa, nguzo za zamani hubaki zilipokuwa, na nyingine hugongwa na kusimikwa upya popote. Ukienda kwa mwendo usiobadilika na abiria akapima sekunde kati ya kila nguzo mbili, nguzo iliyohama inajionyesha: sekunde 48, 48, 41, 55, 48. Nguzo iliyo kati ya 41 na 55 imesogea, lakini jumla haikuharibika.

Rekodi ya safari kwenye simu inafaa pia, kwa masharti mawili. Programu irekodi nukta kila sekunde, kwa sababu nukta za mbalimbali hukata kona na kutoa umbali mfupi. Na usisimame njiani: simu iliyotulia huonekana kama inatangatanga mita chache huku na huku, na mizunguko hiyo inajumlishwa kwenye umbali.

Ukitaka kupima tairi lenyewe, fanya uani. Chora mstari wa chaki kwenye tairi linaloendesha na chini sakafuni, dereva akiwa ndani ya gari. Sukuma gari likienda moja kwa moja hadi mstari urudi chini mara tano, weka alama, pima kwa futi kamba. Mita 9.70 kwa mizunguko mitano ni 1.940 kwa mmoja. Fanya hivyo kabla ya kubadili matairi na baada ya kubadili. Uwiano wa namba mbili ndio mabadiliko ya mita zako, na ni wa kweli kuliko hesabu ya maandishi ya ubavuni, maana matairi ya saizi moja kutoka viwanda viwili yanaweza kupishana asilimia moja au zaidi.

Pale mita inapoharibika kweli

Mshale unaorukaruka kwenye mwendo mdogo pamoja na mlio wa kukwaruza ni kebo iliyokauka au iliyokunjwa. Chomoa waya wa ndani, uufute, upake grisi nyepesi, lakini acha sentimita tano za mwisho upande wa mita zikiwa kavu. Grisi inayopanda hadi ndani ya mita hukigandisha kile kikombe cha alumini kwenye sumaku, na mshale unakwama juu. Njia ya kebo isiwe na kona kali.

Mshale na odomita vikifa pamoja, tatizo liko kabla ya dashibodi: kebo imekatika, gia ndogo ya plastiki kwenye gia boksi imelika meno, au sensa imekufa. Kompyuta ya injini mara nyingi itaandika kosa P0500. Sensa ya nyaya tatu ni rahisi kupimwa. Weka kabari magurudumu ya nyuma, inua gurudumu moja la mbele (kwa gari linalovutwa mbele), gia kwenye nyutro, switchi imewashwa. Waya mmoja uwe na volti 12, mwingine uwe wa ardhi, na wa tatu uruke kati ya sifuri na volti 5 au 12 unapozungusha gurudumu polepole kwa mkono. Umeme unaingia lakini wa tatu haurukiruki? Chomoa sensa uangalie gia yake kabla ya kununua mpya. Gia ni bei ndogo.

Mshale hai, odomita imesimama: kwenye mita za kebo ni gia ya ndani iliyopasuka, mara nyingi kwa sababu ya mtu kubonyeza kitufe cha kurudisha sifuri gari likitembea. Kinyume chake, odomita hai na mshale umelala, kwenye dashibodi za umeme ni mota ndogo ya mshale au lehemu yake iliyopasuka. Fundi wa dashibodi anabadili mota hiyo bila kugusa kilomita.

Taa ya ABS ikiwaka na mshale ukafa siku moja, angalia magurudumu. Na kama bearing ya gurudumu imetoka kubadilishwa, kuna kosa moja linalojirudia kila gereji. Bearing nyingi za sasa zina pete ya sumaku upande mmoja, inayoonekana kama mpira mweusi wa kawaida, na ndiyo inayosomwa na sensa. Ikifungwa kinyumenyume, gurudumu linazunguka vizuri lakini sensa haioni kitu. Kabla ya kuigonga ndani, isogezee pini ya karatasi: upande unaoinasa ndio unaotazama sensa. Usiushike karibu na sumaku nyingine wala kuupiga nyundo.

Kurekebisha baada ya kubadili saizi

Dawa nafuu ni kurudi kwenye kipenyo cha kiwandani, au kukaa ndani ya asilimia 2. Ukiwa na sababu ya kubaki na matairi makubwa, kwenye gari la kebo au la sensa ya gia boksi unaweza kubadili gia ndogo ya plastiki. Meno mapya ni meno ya zamani mara kipenyo cha zamani, gawanya kwa kipya. Kwa gia ya meno 33 na mfano wetu wa 285/75R16: 33 × 777.4 ÷ 833.9 = 30.8. Tafuta ya meno 31. Kosa linalobaki halifiki asilimia moja.

Pasipo gia, kuna kisanduku cha kusahihisha mipigo kinachofungwa kwenye waya wa sensa. Kifungwe kati ya sensa na dashibodi, baada ya tawi linalokwenda kwenye kompyuta ya gia, vinginevyo gia boksi ya otomatiki inaweza kubadili mahali pasipofaa. Kwenye magari yanayotumia ABS, saizi ya tairi hubadilishwa kwa mashine ya programu, na ni kazi ya dakika chache kwa fundi mwenye mashine inayolielewa gari lako. Hakuna hata njia moja kati ya hizi inayobadilisha kilomita zilizokwisha kuandikwa. Fundi akisema lazima “azisete upya”, nenda kwa mwingine.

Malori na mabasi yana kisa chao. Kubadili 295/80R22.5 kwenda 315/80R22.5 kunaongeza kipenyo kutoka 1,043.5 hadi 1,075.5 mm, asilimia 3.1. Spidi gavana iliyosetiwa 80 na inayosoma mipigo ya gia boksi itaachia gari hadi 82.5, wakati kifaa cha kufuatilia mwendo kwa GPS, kama vile cha mfumo wa LATRA (mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini) kwenye mabasi ya Tanzania, kinasoma 82.5 hiyohiyo. Dereva ataandikiwa kosa huku akiapa kwamba gavana ilikuwa inamzuia, na kwa mita yake anasema kweli. Kila saizi ya tairi inapobadilika, gavana isetiwe upya kwa idadi mpya ya mipigo kwa kilomita.

Kilomita za gari unalotaka kununua

Hapa swali ni kama kuna mtu amezirudisha nyuma. Kwa gari la Japani, omba cheti cha usajili cha kule au cheti cha kusafirishia nje. Usomaji wa odomita huandikwa humo kutokana na ukaguzi, na namba ya dashibodi haiwezi kuwa ndogo kuliko iliyoandikwa. Angalia pia tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT kwenye kila tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la 2018 lenye kilomita 28,000 lililokwisha kubadilisha matairi yote manne lina maelezo ya kutoa, na tairi la akiba ambalo halijawahi kugusa lami litakuonyesha tarehe ya seti ya kwanza. Magari kutoka Uingereza huhesabu maili. Dashibodi ikibadilishwa kuwa ya kilomita bila kuandikwa popote, historia imekatika.

Dashibodi ikiharibika na kubadilishwa kihalali, piga picha ya mita ya zamani na mpya siku hiyohiyo. Andika tofauti kwenye kitabu cha huduma pamoja na tarehe: “zamani 164,210, mpya 92,875, ongeza 71,335.” Bandika karatasi hiyohiyo ndani ya nguzo ya mlango, karibu na kibandiko cha upepo, fundi wa kubadili oili aione.